Anga ya Kamina isigeuzwe baryeri: tunataka sheria ya droni tunayoweza kuisoma

Ndugu vijana wa Kamina, bana Haut-Lomami wote, na ninyi munaotusoma toka Lubumbashi, Kolwezi, Kalemie na Kinshasa,

Kuko batu watasema: vijana hawa hawana kazi, njo maana wanaandika juu ya droni. Ni kweli, wengi wetu hatuna kazi. Tulimaliza iniversite, diploma ziko ndani ya sanduku kwa mama, na kila asubuhi tunazunguka mji. Lakini ni juu ya hiyo kabisa tunaandika. Droni ni moja ya kazi chache ambazo kijana wa Kamina anaweza kuanza bila kungoja Leta imwite, bila kuwa na mjomba mkubwa Kinshasa, bila kwenda kuchimba. Anahitaji mashine moja, kompyuta moja, na akili ambayo wazazi waliilipia minerval miaka mitano. Wateja wako. Kazi hiyo inakufa kabla haijasimama juu ya sheria ambayo hakuna anayetuonyesha.

Munajua namna inavyokwenda. Kijana anaalikwa kupiga picha za ndoa. Anarusha droni dakika tano juu ya kiwanja cha fete. Anafika mtu wa kwanza: "Uko na otorizasio?" Anafika wa pili, wa huduma ingine, anauliza karatasi ingine. Wa tatu haulizi karatasi, anachukua mashine. Kiisha mazungumzo yanaanza, na bei inategemea sura yako, viatu vyako, na kama bwana harusi ni mtoto wa mtu. Ukiuliza kwa heshima, "Papa, sheria yenyewe iko wapi, tuisome?", jibu ni: "Weye unataka kunifundisha kazi?" Mwisho unatoa madesu ya bana, unarudishiwa mashine, na hakuna risiti. Juma linalofuata unaanza tena mwanzo.

Hatutaji huduma yoyote hapa. Hatuandiki ili kuchafua jina la mtu, na tunajua kuko bakubwa katika huduma hizo ambao nao hawakupewa maandishi yoyote. Wanatumwa tu "kuangalia droni". Tunachosema ni hiki: kama raia hajui sheria, na mtu wa Leta anayemkamata hajui sheria, basi kilichobaki si sheria. Ni baryeri, kama zile za barabarani. Tofauti ni kwamba hii wameiweka hewani.

Droni inaweza kufanya nini kwetu

Tusifikirie ndoa tu. Jimbo letu ni la mahindi. Mkulima mwenye hekta nyingi anaweza kujua kwa dakika ishirini sehemu gani imeshambuliwa na viwavi na sehemu gani imekosa mbolea, badala ya kutembea siku nzima. Mtu wa topografia anaweza kupima kiwanja na kutoa ramani ambayo itamaliza ugomvi wa mipaka kati ya majirani kabla haujafika parke. Bukama na Malemba-Nkulu maji ya Lualaba yakipanda, droni inaweza kuonyesha kijiji gani kimezungukwa na njia gani bado inapita. Na pale kandokando ya maziwa ya Upemba, ambako kolera imekuwa kama mgeni asiyetaka kurudi kwao, watu wa afya wangejua wapi kambi za wavuvi zimehamia kabla ya kutuma dawa.

Reli yetu je? Mu Machi 2022 treni ya mizigo ilianguka Buyofwe, katika jimbo la Lualaba, na makumi ya watu waliokuwa wamepanda juu yake walikufa. Hatusemi droni ingewaokoa. Tunasema nchi yenye reli ya zamani hivi, yenye vijana waliosoma ujenzi na jiografia, isingepaswa kuwaacha vijana hao wakae bure huku madaraja na njia havikaguliwi inavyostahili.

Hofu ya Leta tunaielewa

Tusijifanye watoto. Tunajua tunaishi nchi gani. Mu Desemba 2013, MONUSCO ilirusha droni zake za kwanza za uchunguzi toka Goma, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kikosi cha Umoja wa Mataifa kutumia mashine hizo. Leo droni za kivita ni sehemu ya vita ya mashariki. Mu Februari 2024 mabomu yaliangukia uwanja wa ndege wa Goma, na jeshi letu likasema yaliletwa na droni toka Rwanda. Mtu aliyekimbia kule, akifika Kamina na kusikia ule mlio juu ya kichwa chake, hatafikiri juu ya ndoa.

Na Kamina si mji kama mingine. Tuko na base. Wabelgiji waliijenga kisha Vita ya Pili ya Dunia. Mu 1960 wanajeshi wao walitumia base hiyo nchi ilipokuwa inatikisika. Na mu Novemba 1964 makomando wa Kibelgiji walipitia hapa kabla ya kurukia Stanleyville, Kisangani ya leo. Hata leo ni mahali pa jeshi. Nchi nyingi duniani haziruhusu mtu kurusha kamera juu ya kambi ya jeshi au karibu na njia ya ndege. Sisi wenyewe tungepinga kama ingeruhusiwa.

Kwa hiyo hatuombi anga isiyo na sheria. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao nchi yetu imo, unasema katika kipengele cha 8 kwamba ndege isiyo na rubani haiwezi kupita juu ya nchi bila ruhusa ya pekee ya nchi hiyo. Ruhusa ni kitu cha kawaida. Lakini angalieni neno hilo: ruhusa ya nchi. Si ruhusa ya yule aliyekukuta kwenye fete.

Katiba inasema nini

Tuko na Sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010 juu ya ndege za kiraia. Tuko na Mamlaka ya ndege za kiraia, AAC, inayosimamia mambo hayo. Na juu ya yote tuko na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Tuisome pamoja, juu haiko ya mawakili peke yao.

Kipengele cha 17: hakuna mtu anayeweza kufuatwa, kukamatwa, kufungwa au kuhukumiwa isipokuwa kwa nguvu ya sheria na kwa njia ambayo sheria imeweka.

Kipengele cha 18: mtu akikamatwa, lazima aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, katika lugha anayoielewa. Na kuwekwa kizuizini na polisi hakupiti saa 48.

Kipengele cha 34: Leta inalinda mali ya mtu binafsi. Mashine yako ni mali yako. Ikichukuliwa, ichukuliwe kwa sheria na kwa karatasi.

Kipengele cha 142: serikali inapaswa kusambaza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu itangazwe. Lugha hizo nne munazijua: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba cha Kasai, Tshiluba.

Watatuambia: kipengele hicho kinaongea juu ya sheria za Bunge, hakiongei juu ya amri za waziri wala maagizo ya AAC. Sawa. Lakini tuulize tu: kama hata sheria ya Bunge lazima imfikie mama anayeuza bukari sokoni kwa Kiswahili chake, kwa nini agizo linaloweza kumnyang'anya mtoto wake mashine ya mamia ya dola libaki limefungwa ndani ya kabati?

Safari ya karatasi

Makao makuu ya AAC iko Kinshasa. Toka Kamina mpaka Kinshasa, kwa mstari wa ndege tu, ni zaidi ya kilomita 1.000. Lubumbashi ni karibu zaidi, lakini nako ni zaidi ya kilomita 400, na sisi wote tunajua treni. Kijana anayetaka kufanya mambo sawasawa ataanza wapi? Tulizunguka ofisi za mji huu. Moja ilitutuma kwa ingine. Ya pili ikasema hilo ni jambo la usalama. Ya usalama ikasema ni jambo la uchukuzi. Ya uchukuzi ikatuambia turudi kesho. Hakuna hata moja iliyotuwekea mezani karatasi yenye mambo matatu haya: nani anapaswa kuomba, anaomba kwa nani, na analipa ngapi.

Ni hapo ndipo uovu unaingia. Anayetaka kufuata sheria anatumia feza ya safari na hoteli mpaka mtaji unaisha. Anayetaka kuipita anatoa madesu na anarusha. Hivi mwaminifu anaachwa nyuma na mjanja anakula. Kiisha bakubwa wanashangaa kwa nini vijana hawaheshimu sheria.

Majirani walifanya namna gani

Rwanda, mu Oktoba 2016, droni za Zipline zilianza kubeba damu toka Muhanga kwenda hospitali za mbali. Leta iliandika kanuni, kiisha ikazirekebisha kadiri ilivyojifunza.

Malawi, mu Juni 2017, serikali pamoja na UNICEF walifungua eneo la kujaribia droni Kasungu. Mu Januari 2020 wakafungua chuo Lilongwe cha kufundisha vijana wa Afrika kurusha droni na kusoma data zake. Malawi si nchi tajiri kutupita.

Zanzibar, kuanzia 2016, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa walifundishwa kurusha droni na kusaidia kutengeneza ramani ya Unguja na Pemba. Wanafunzi, kama sisi. Na Tanzania ikatoa kanuni zake za droni mu 2018.

Kenya ilichelewa. Miaka mingi droni zilikuwa kama zimepigwa marufuku, na kanuni za kwanza zilifutwa na Bunge. Lakini mu 2020 walitoa kanuni mpya: mwenye droni awe na miaka 18 au zaidi, mashine iandikishwe, na masharti yapande kulingana na hatari ya kazi. Watu wanalalamika bado kwamba ni ngumu na ni ghali. Lakini wanalalamika wakiwa na maandishi mkononi. Unaweza kubishana na maandishi. Huwezi kubishana na "rudi kesho".

Na kabla hamujasema kwamba Congo ni tofauti: mu jimbo la Équateur, tangu mwisho wa 2020, droni za kampuni ya Australia, Swoop Aero, pamoja na shirika VillageReach na watu wa afya wa Leta, zilipeleka chanjo toka Mbandaka mpaka vituo vya afya vilivyo ng'ambo ya mito. Katika nchi hii hii, na chini ya Leta hii hii. Kwa hiyo ruhusa inaweza kutolewa. Swali letu ni kwa nini inatolewa kwa urahisi zaidi kwa mgeni mwenye shirika kuliko kwa mtoto wa Kamina mwenye diploma.

"Lakini usalama?"

Hili ndilo jibu tutakalopewa, basi tulijibu mapema. Mpelelezi haendi kuomba leseni. Mtu mwenye nia mbaya hatapanga mstari mbele ya ofisi na kitambulisho mkononi. Anayekwenda kujiandikisha ni mpiga picha, mkulima, mtu wa topografia. Leta ikiwaandikisha hao, na namba za mashine zao, itajua kwa haraka kwamba ile droni isiyojulikana iliyoonekana usiku si ya mtu yeyote kati yao. Daftari la majina linasaidia usalama. Madesu ya bana hayasaidii chochote, juu ukishanunua njia kwa feza, na adui naye anaweza kuinunua. Kama leo afisa anaachilia mashine kwa noti mbili, kesho ataiachilia kwa nani?

Mchezo na biashara si kitu kimoja

Jambo ingine: watu wanachanganya vyote. Mtoto anayecheza na kidroni kidogo ndani ya lupango la baba yake si sawa na kampuni inayopiga dawa juu ya mashamba. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 31 Desemba 2020, zinatofautisha kwa uzito na kwa hatari: mashine ndogo chini ya gramu 250 ina masharti mepesi, kwa matumizi ya kawaida hupandi zaidi ya mita 120, unaiona mashine yako kwa macho, hupiti juu ya umati wa watu, na kazi za hatari zaidi zinaomba ruhusa ya pekee. Si lazima tuige Ulaya. Lakini akili ya ngazi ni nzuri, na hapa kwetu ingeweza kuwa ngazi tatu: mchezo, kujitangaza tu kwenye komini, kazi ndogo kama ndoa, michezo na mashamba madogo, kujiandikisha na kulipa ada ndogo kwa mwaka, kazi kubwa au karibu na mahali pa hatari, mtihani na leseni kamili.

Nasi tujiwekee sheria

Wenzetu munaorusha tayari, hapa tunaongea na ninyi. Haki inakwenda na adabu. Katika mji wetu bafu nyingi hazina paa. Mama au dada anaoga ndani ya lupango lake, na kamera yako inapita juu. Hiyo ni aibu, na ni kosa hata kama hakuna polisi aliyekuona. Usirushe juu ya matanga bila kuomba wenye msiba. Usirushe juu ya shule wakati wa masomo, juu ya soko lililojaa, juu ya gereza, juu ya base, wala upande wa kiwanja cha ndege. Usitoe picha ya mtu mtandaoni kama hakukubali. Ikianguka na kuumiza mtu, usikimbie: mpeleke hospitali na ulipe. Kama hatujiheshimu wenyewe, tutampa kila mwenye mavazi ya Leta sababu ya kutuambia: "Munaona?"

Tunachodai

Kwa AAC, kwa Wizara ya Uchukuzi, kwa Gavana wa Haut-Lomami, kwa Meya wa Kamina na kwa wabunge wetu, tunadai haya:

1. Maandishi yote yanayohusu droni, pamoja na ada zake, yabandikwe ukutani kwenye ofisi ya jimbo, ya mji, na ya kila komini, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

2. Mlango mmoja hapa Kamina wa kupokea maombi. Maofisi yaongee yenyewe kwa yenyewe. Raia asiwe mtumishi wa kubeba karatasi kati yao.

3. Muda wa jibu uandikwe. Kama ombi limekataliwa, sababu itolewe kwa maandishi.

4. Bei moja, inayolipwa kwa note de perception na kuingia benki. Makuta ya mkononi bila risiti yakomeshwe.

5. Ramani ya wazi ya mahali palipokatazwa: base, viwanja vya ndege na mahali pengine pa usalama. Tuambiwe umbali kwa mita, tusiachiwe kukisia.

6. Mashine ikichukuliwa, prosè-verbali iandikwe palepale, yenye jina la afisa, huduma yake, sababu, na namba ya mashine.

7. Iniversite ya Kamina na shule za ufundi zisaidiwe kufungua mafunzo ya droni, ili mtihani wa leseni usiwe wa wale tu wenye tiketi ya ndege.

8. Wabunge wa jimbo waite huduma zote zinazohusika mbele ya wananchi, zieleze nani ana haki ya kukagua droni na nani hana.

Na wewe unayesoma, fanya nini juma hili? Ukisimamishwa, usigombane, usitukane, usikimbie. Uliza kwa heshima jina la huduma na kipengele cha sheria. Omba karatasi. Usilipe bila risiti. Andika tarehe, saa na mahali, kiisha tuletee. Tutakusanya yote bila kutaja jina lako, na tutaiweka mezani kwa Meya na kwa Gavana pamoja na barua yetu. Wenzetu munaosoma haki, tunawaomba mutusaidie kugeuza vipengele vya Katiba tulivyovitaja kuwa karatasi moja ya Kiswahili chepesi ambayo kila mpiga picha ataweka ndani ya mfuko wa mashine yake.

Tutaipeleka barua hiyo kwa amani, mchana, kwa miguu, tukiwa na vitambulisho vyetu. Kama watatujibu kwa maandishi, tutasema asante hadharani. Kama watanyamaza, tutarudi, na tutarudi tena, mpaka karatasi ile ibandikwe ukutani na kila mtu wa Kamina aisome mwenyewe.

Sisi vijana wa Kamina